Mashine Iliyonyweshwa Chai

Ukitaka kumkasirisha Paulina, mwambie kazi yake ni kusomea matumbo ya mbuzi. Atakuna paji la uso, atavuta pumzi, halafu ataanza kukufafanulia, na ukimsikiliza mpaka mwisho utagundua kwamba kweli ni matumbo ya mbuzi. Mimi nina haki ya kusema hivyo. Chuoni yeye ni mhadhiri msaidizi na mimi ni katibu muhtasi wa idara yake, na isitoshe amepanga chumba cha uani kwangu, mtaa wa Nkuhungu hapa Dodoma. Namjua akiwa na koti jeupe na namjua akiwa amejifunga khanga, anagombania kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba katika habari hizi nimeongeza chumvi. Chumvi nimetia, lakini ya kiasi.

Kwao ni Mlali, wilaya ya Kongwa. Baba yake, mzee Nikodemo, ni mfugaji wa mbuzi, na utoto wa Paulina ulipita kwenye malisho nyuma ya zizi. Siku mbuzi akichinjwa, watoto wenzake walikuwa wakigombea maini. Yeye alikuwa akichuchumaa kando ya utumbo, akitega sikio, anauliza kwa nini unanguruma ilhali mwenyewe keshakufa.

"Ni hewa, mwanangu," baba yake alimjibu.

"Hewa ya nani, baba?"

Swali lile likampeleka Paulina sekondari, likampeleka chuo kikuu, na mpaka leo, ana umri wa kuitwa shangazi, bado anafuatilia hewa ya mbuzi. Jibu lenyewe analo nusu. Tumboni mwa mbuzi wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyosaga majani na kutoa gesi ya haidrojeni. Kinachovifanyia kazi hiyo ni kimeng'enya, na katikati ya kimeng'enya hicho kuna chembe ya nikeli na chembe ya chuma zimekaa bega kwa bega. Ulaya wanaitaka haidrojeni iendeshe magari, na kuitengeneza hutumia madini ya bei mbaya. Mbuzi wa Mlali anaitengeneza kwa metali ya sufuria na ya misumari, tena akiwa amelala anacheua. Paulina alitaka kujua ile nikeli inafanyaje wakati huo. Hilo ndilo lililokuwa shahada yake ya uzamivu, na kila akipiga simu nyumbani mzee Nikodemo alikuwa na swali moja tu kabla ya kuulizia afya: "Umeshaiona?"

"Bado, baba."

Kuiona kwenyewe si kwa jicho. Kuna mashine ya sumaku, na Paulina alinieleza inavyofanya kazi siku moja tukichambua mchicha. Alisema elektroni zikiwa mbili mbili hunyamaza, kila moja inamfunika mwenzake. Lakini iliyo peke yake, ukiiweka katikati ya sumaku mbili kubwa na kuipigia mawimbi kama yale ya kupashia chakula, huitika. Kila metali ina namna yake ya kuitika, na kompyuta huuchora mwitiko huo kuwa mstari wenye vilima. Nikamwambia basi nimeelewa, ni mambo ya wajane wa kanisani kwetu: walio na waume zao huwasikii, ila mjane mmoja akipewa maikrofoni ibada haiishi. Mimi mwenyewe ni mjane, nina ruhusa ya kusema hivyo.

"Nikeli yangu ikiitika inatoa vilima vitatu," alisema. "Vidogo. Nimeviona kwenye vitabu vya watu wengine tu."

Sasa kimeng'enya hiki kina deko la ajabu. Kikionja hewa hii tunayovuta mimi na wewe, kinakufa. Paulina alikuwa akikihudumia ndani ya sanduku la kioo, mikono ameiingiza kwenye glavu ndefu zilizoshonewa ukutani mwa sanduku, hewa yote mbaya imeondolewa. Hata hivyo vilikufa vingi. Kuna kilichouawa na tundu dogo kwenye glavu, kuna kilichouawa na umeme ulipokatika. Mwisho wa yote kazi ya mwaka mzima ilibaki kwenye mrija mmoja wa kioo, mwembamba, urefu kama kalamu ya risasi, umezibwa juu, na chini yake kuna tone la rangi ya udongo. Mrija huo ulipaswa kulala ndani ya naitrojeni ya maji, kitu baridi kiasi kwamba ukitumbukiza ua linavunjika kama sahani.

Naitrojeni hiyo Dodoma huiokoti njiani. Wenye nayo ni wahimilishaji wa ng'ombe, maana ndani yake ndimo wanamohifadhi mbegu za madume. Kijana wao mmoja, Joel, alikuwa anatugawia kwa hisani. Kwa hiyo kwa majuma kadhaa kimeng'enya cha Paulina kililala mtungi mmoja na ndama wa Kizungu ambao hawajatungwa mimba, na hakuna aliyelalamika. Lakini mwezi huo Joel alikuja na uso wa msiba. Alisema mgawo umepunguzwa, ataweza kuleta mtungi mmoja mdogo tu na baada ya hapo tusimtegemee mpaka msimu ujao. Na Paulina msimu ujao hakuwa nao. Muda wake wa masomo ulikuwa umeshaongezwa mara mbili, ungeisha mwisho wa mwezi, na bila kipimo kile hapakuwa na shahada, na bila shahada mkataba wake wa kufundisha ungeisha pamoja nao.

Utasema: si angepima mara mtungi ukifika? Mashine ilikuwepo, zawadi kutoka chuo cha nje, imefungwa na fundi na kujaribiwa. Hapo hujatujua sisi. Katika idara yetu kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Tulishawahi kuwa na mashine ya kunakili iliyokaa kwenye nailoni yake mpaka panya wakazaa ndani, tunamsubiri mgeni rasmi. Hii ya sumaku nayo ilikuwa imevishwa utepe wa rangi ya bendera, na mkuu wa idara, Profesa Octavian, alikuwa amekataza hata kuifuta vumbi.

"Profesa, naomba nipime mrija mmoja tu," Paulina alimsihi mbele yangu.

"Kitu hakijazinduliwa, unakitumiaje?" alishangaa Profesa, kama mtu aliyeombwa bibi harusi kabla ya ndoa.

Profesa Octavian si mtu mbaya. Ni mtaalamu wa udongo, mchapakazi, ila akiona kamera anabadilika. Aliposikia habari ya mtungi wa Joel macho yakamwaka, kwa sababu aliwahi kuona pichani ile naitrojeni ikimwagwa inatoa moshi mweupe. Akaamua uzinduzi ufanyike siku ya mtungi kufika. Moshi utafuka, mgeni rasmi ataushika mrija wenye kimeng'enya juu mbele ya wapiga picha, atahutubia, atakata utepe. Mimi ndiye niliyeipiga chapa ratiba hiyo, na mimi ndiye niliyempelekea Paulina nakala.

Asubuhi ya sherehe alikuja ofisini kwangu hata shikamoo akaisahau.

"Mama Yotham, ataushika mkononi! Utayeyuka. Mwaka wangu wote utafia kwenye kiganja cha mgeni rasmi."

"Mpe mwingine."

"Upi? Sina mwingine."

Nikaitazama chupa yangu ya chai pale mezani. Naye akaitazama. Chai ya rangi, iliyokolea, haina maziwa. Tukatazamana, halafu tukaanza kucheka kwa kuziba midomo kama wasichana wa bweni. Alileta mrija mtupu, akavuta chai kidogo kwa sindano, akauziba, akauzamisha kwenye baridi. Ulipotoka ulikuwa umeganda na rangi ile ile ya udongo. Nakwambia hata mimi ningeupigia saluti.

Mgeni rasmi alifika amechelewa, kama itakiwavyo. Alikuwa Bwana Thomas, kutoka ofisi moja ya mjini ambayo haina haja ya kutajwa, na alikuwa anamwakilisha mtu aliyekuwa anamwakilisha mtu. Mwenye tumbo la heshima na sauti ya redio. Alisimama akatamka, "Itifaki imezingatiwa," kisha akaanza kumsalimu kila mmoja kwa cheo chake. Profesa Octavian naye alikuwa pembeni anamimina naitrojeni kwenye sinia ili moshi usikatike. Kila alipomimina, nilimwona Paulina anafumba macho. Ule haukuwa moshi wa mapambo. Ilikuwa baridi ya kupimia mrija wake, na ilikuwa inaishia kwenye viatu vya wageni.

Nikainuka. Nikachukua mtungi kama ninayeusogeza usizibe njia, nikauweka chini ya meza, nikaufunika kwa khanga yangu, nikarudi kumnong'oneza Profesa, "Umekwisha."

"Wote?"

"Wote, Profesa."

Uongo huo niliusema hatua chache kutoka kwa mchungaji aliyekuja kuiombea mashine, na sijapata hata mafua.

Bwana Thomas alihutubia akiwa ameushika mrija wa chai juu, juu kabisa, akiuita hazina ya taifa. Joto la mkono wake lilikuwa limeyeyusha chai yote. Akakata utepe, tukapiga makofi, na kwa mujibu wa ratiba yangu hapo alitakiwa kwenda kwenye pilau. Hakwenda.

"Mimi si mtu wa kukata utepe na kuondoka," alisema. "Nionyesheni inavyofanya kazi. Nautia wapi huu?"

Paulina alifungua mdomo, lakini Profesa alishamwelekeza. Ilibidi Paulina autie mrija kwenye kichupa cha naitrojeni kilichojazwa mapema kwa ajili ya kupimia, ugande tena, na Bwana Thomas akautumbukiza katikati ya sumaku kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilitulia. Nilijua chai ni chai, haina la kusema. Mstari utanyooka, tutasingizia mashine mpya, tutaenda kula.

Chai ikasema. Kwenye skrini ilisimama mistari sita, mirefu, iliyopangana kama nguzo za uzio. Ukumbi mzima ukalipuka. Kina mama wa usafi walipiga vigelegele, wapiga picha wakakanyagana, na Profesa Octavian akanyakua maikrofoni akatangaza kwamba nikeli ya mbuzi wa Tanzania imeitika. Bwana Thomas alinyoosha mikono yote miwili kama amefunga goli. Profesa akamwinamia Paulina, nikamsikia kwa masikio yangu: "Umeshinda, binti yangu. Kaandike. Mwisho wa mwezi umefika na wewe umefika."

Nilimtazama Paulina usoni na nikaogopa. Nilijua tunachokijua sisi wawili tu pale ukumbini, maana mistari sita haikuwa vilima vitatu. Na nilijua pia kwamba akinyamaza tu, anyamaze kama mtu aliyezidiwa na furaha, mambo yake yote yamenyooka: shahada, mkataba, chumba changu cha uani. Mimi nilimkodolea macho nikimwambia nyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza, na pilau ningekula sahani mbili.

Alisimama. Akaomba maikrofoni.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, kwetu mgeni akiingia nyumbani haulizwi habari kabla hajanyweshwa kitu. Mashine hii ni mgeni. Imetoka mbali. Kwa hiyo kwanza tumeinywesha chai."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni methali.

"Chai kweli, Mheshimiwa. Chai ya rangi, ya Mama Yotham yule pale. Mchai huvuta metali iitwayo manganizi kutoka ardhini na kuiweka kwenye majani, na manganizi ndiyo inayoitika kwa mistari sita. Nikeli yangu bado haijaulizwa."

Profesa Octavian alikaa chini pole pole, akitafuta kiti kwa mkono. Vichwa vyote vilinigeukia mimi, na mimi nikageuka kumtafuta huyo Mama Yotham.

"Kwa hiyo," alisema Bwana Thomas, "nilikuwa naihutubia chai?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Muda wote ule?"

"Ilivumilia, Mheshimiwa. Kimeng'enya cha kweli kingekufa mkononi mwako. Joto la mkono linakiua, na hewa inakiua. Ndiyo maana sikukupa."

Aliutazama mkono wake. Nikaona tumbo lile la heshima linaanza kutikisika, halafu mabega, halafu kicheko kikatoka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka kazini tangu aajiriwe. "Ina sukari?" aliuliza akijifuta machozi.

"Haina," nilijibu mimi, kwa kuwa ilikuwa imeshajulikana.

"Haya. Mgeni ameshakunywa. Muulizeni habari."

Profesa Octavian akainua kichwa, sauti imepungua. "Lakini naitrojeni imekwisha."

Nikainama chini ya meza, nikavuta khanga yangu. "Imerudi, Profesa."

Mrija wa kweli Paulina aliuingiza mwenyewe, kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto. Kwenye skrini palitokea mchafuko mtupu, kama mchwa waliomwagiwa maji. Alieleza kwamba sauti ya nikeli ni ndogo, mashine lazima iisikilize tena na tena, ijumlishe, mpaka kelele ijifute yenyewe. Watu walisikiliza maelezo hayo kwa heshima, kisha harufu ya pilau ikawaita mmoja mmoja. Hata mchungaji aliondoka. Tukabaki Paulina, mimi, na Bwana Thomas, ambaye alikwenda akarudi na sahani yake, akavuta kiti, akawa anakula huku ameikodolea macho skrini kama anayesubiri mpira uanze.

Paulina pilau hakuigusa. Kila baada ya kitambo nilikuwa nachungulia mtungi na kuongeza baridi kwenye kichupa, na kila nikichungulia ilikuwa imeshuka. Nikaanza kujuta ule moshi wa viatu kuliko nilivyowahi kujuta kitu. Mstari ulikuwa unatulia polepole. Palitokea kama uvimbe upande wa kushoto. Pakatokea wa pili. Kisha hapana, kwa muda mrefu hapana kitu, na mtungini yalibaki matone machache tu.

"Mimina wote, Mama Yotham," alisema bila kunitazama.

Nikamimina wote. Na kabla mvuke wa mwisho haujapotea pale, mwisho wa mstari pakainuka kilima cha tatu. Kidogo. Ungeweza kukipita usikione.

Paulina alikiwekea kidole kwenye kioo, akaanza kulia, kilio kile cha bila sauti. Mimi sina vilio vya namna hiyo. Nilipiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye pilau, wakaja mbio wanauliza kafa nani. Profesa Octavian alikuja ameshika mfupa, akasogea karibu na skrini, akavitazama vile vilima muda mrefu.

"Mbona vidogo hivi?" aliuliza.

"Ndivyo vilivyo, Profesa," alisema Paulina.

Profesa akaweka mfupa kwenye karatasi, akafuta mikono kwenye suruali ya suti, akampa mkono. "Hongera," alisema. Hakuomba kamera, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko pilau. Bwana Thomas yeye aliomba achapiwe picha ya skrini, lakini ile ya chai. Alisema ndiyo aliyoihutubia, wamezoeana. Imetundikwa ofisini kwake mpaka leo.

Tulitoka nje, upepo wa Dodoma ukitujaza vumbi mdomoni, na pale ukutani Paulina akapiga simu Mlali. Aliweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mbukwenyi, baba," alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Umeshaiona?"

Nikamgusa bega.

"Nimeiona, baba."

"Imekaaje?"

"Vilima vitatu. Vimefuatana, cha mwisho kidogo kuliko vyote. Kama vile vya nyuma ya zizi letu."

"Vile?"

"Vile vile, baba."

"Paulina, pale si ndipo ulipokuwa ukichungia mbuzi kila siku? Ukaona uende Dodoma miaka yote hii kuvitafuta?" Akacheka, Paulina naye akacheka na makamasi yake. Kisha mzee akadhani amekata simu, kumbe hajakata. Tukasikia ndara zake zikikimbia uani, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, na sauti ambayo Paulina aliniambia hajawahi kuisikia kwa baba yake tangu azaliwe, akimwita mkewe:

"Lea! Lea we, toka nje! Mtoto ameiona!"